Waasi wa La Paz Nyumbani kwa Kalunde

Alhamisi ya kwanza ya mwezi wa saba, saa tisa na robo alasiri, Kalunde alikuwa ameketi kwenye kigoda nje ya jikoni akichambua maparachichi. Yenye madoa aliyaweka kushoto kwa ajili ya ng'ombe, mazuri akayaweka kulia kwa ajili ya broka wa matunda aliyeahidi kufika kabla ya saa kumi. Ukungu ulikuwa haujaondoka tangu asubuhi. Mwezi wa saba ukungu wa vilima vya Kilungu huingia hata ndani ya sufuria, na watu hulima wakiwa wamevaa makoti.

Aliposikia hatua alidhani ni broka. Walikuwa watu wanne, wakipanda kwa njia ya miguu inayotoka barabarani. Wanaume watatu walitangulia mikono mitupu, wamevaa makoti marefu yenye vifungo vya shaba. Nyuma yao alikuja mwanamke mfupi, wa umri wa Kalunde mwenyewe, amebeba mgongoni sanduku la mbao lenye vyuma kwenye pembe. Sanduku lilishikiliwa na ukanda wa ngozi uliopita juu ya paji la uso.

Kalunde aliutazama ukanda kabla ya kuwatazama watu. Yeye pia alikuwa na wake, ule ambao Wakamba huuita mukwa, na kwenye paji lake kulikuwa na bonde dogo lililochimbwa na ukanda huo kwa miaka arobaini ya maji na kuni. Mwanamke mgeni alikuwa na bonde kama hilo. Lake lilikuwa limeingia zaidi.

Kisha akawatazama wanaume. Wawili walikuwa na alama ya kamba shingoni na vichwa vyao vimelalia upande mmoja. Wa tatu alikuwa amekibeba kichwa chake kwapani.

"Karibuni," Kalunde alisema. "Lakini viti niko nazo mbili tu."

Yule aliyetangulia alishukuru. Alieleza kwamba yeye alikuwa wakili, mwenzake wa pili alikuwa kapteni wa wanamgambo, na wa tatu alikuwa karani. Walitoka mji wa La Paz, ulioko milimani Amerika ya Kusini, na jina la mji huo kwa lugha yao maana yake ni Amani. Mwaka 1809 waliinuka pamoja na wenzao dhidi ya gavana wa Kihispania. Mwezi wa kwanza wa mwaka uliofuata wakanyongwa, karani akakatwa na kichwa, na wiki hiyohiyo wakaanza kutembea. Gari la mwisho lilikuwa limewashusha kwenye mji mdogo wa Salama, na kutoka hapo wamepanda kwa miguu kwa sababu baridi iliwakumbusha nyumbani. Walikuwa wakitafuta chumba.

Kalunde alipiga hesabu ya miaka, akaona kwamba lazima wamechoka. Akawapa chumba cha mwanawe Kasyoki, aliyekuwa akifanya kazi kwenye kituo cha petroli huko Mtito Andei na kuja nyumbani Krismasi tu. Lugha haikuwa tatizo. Marehemu huongea lugha ya nyumba waliyofikia, na hawa walianza Kikamba kabla ya kumaliza kupangusa viatu. Karani alipewa kiondo cha kuwekea kichwa, ili kisiangukie kuku. Kichwa kikasema asante.

Alipouliza jina la mwanamke, Wakili alijibu kwamba huyo ndiye aliyebeba nyaraka zao. Kalunde akasema ameona, lakini anaitwaje. Wale watatu wakatazamana, na yule asiye na kichwa akageuza kiondo ili naye atazamane na wenzake. Hawakujua.

Ilikuwa ni baadaye, wanawake wawili wakiwa jikoni, ndipo mgeni alipojitaja. Aliitwa Tomasa. Yeye hakunyongwa. Jeshi la mfalme lilipofika kutoka Peru, mabwana hao walimwamuru alipandishe sanduku mlimani alifiche, na akafa njiani mahali penye mteremko mkali, kifua kikiwa kimekataa. Kwa kuwa hakuna aliyemwambia atue mzigo, aliinuka akaendelea nao.

Kalunde alimwambia anaweza kulitua pale kando ya mafiga. Tomasa alilitua, ila Wakili alipotoka kwenda kutazama mandhari ya vilima, akalibeba tena na kumfuata.

*

Kilichowafanya wageni wakae kijijini Kyanzou zaidi ya walivyokusudia kilikuwa tangi la maji.

Tangi hilo lilijengwa kwenye kona ya shamba la Kalunde, juu ya chemchemi. Marehemu mumewe, Musembi, alitoa kona hiyo miaka ishirini na moja iliyopita, mradi wa maji ulipoanzishwa. Katiba ya mradi ilisema mwanachama ni yule ambaye jina lake liko kwenye hati ya shamba. Kwa hivyo wanachama walikuwa wanaume, isipokuwa mwalimu mmoja wa kike aliyenunua ploti yake mwenyewe na baadaye akahamia Machakos. Musembi alikuwa mwanachama namba kumi na nne. Alikufa kwa kisukari, ikawa sasa ni miaka tisa, lakini hati haikuwa imebadilishwa na jina lake lilikuwa bado kwenye daftari.

Mwenyekiti aliitwa Mulinge. Alikuwa amekaa kwenye kiti hicho miaka kumi na tisa bila uchaguzi. Hakuwa mtu wa kelele. Alikuwa ametia kufuli kubwa kwenye bomba, na ufunguo ulikaa mfukoni mwake hata kanisani. Maji yalifunguliwa Jumanne na Jumamosi, kwa muda wa saa mbili kila siku. Siku nyingine yaliteremka kwa paipu nyembamba hadi kwenye nyanya za Mulinge, na kutoka hapo hadi hoteli ya shemeji yake karibu na barabara. Wanawake wa Kyanzou walipanga foleni siku hizo mbili, na aliyekosa alishuka mtoni, mwendo wa saa moja kwenda na saa mbili kurudi, kwa sababu kurudi ni kupanda.

Kamati ilikutana uani kwa Kalunde, kwa kuwa ndipo tangi lilipokuwa. Kalunde alipika chai ya kamati. Alikuwa ameipika miaka yote kumi na tisa.

Jumanne Wakili alisimama kwenye mlango wa chumba cha Kasyoki akaitazama foleni kwa muda mrefu. Akauliza maswali mawili matatu. Jioni hiyo Mwalimu Mwau, mstaafu aliyewahi kufundisha historia na ambaye nyanya zake zilikuwa zimekauka kwa kukosa maji ya Mulinge, alikuja kuwasalimu wageni, akaondoka akiwa amesimama wima zaidi kuliko alivyoingia.

Wakili alikuwa amemweleza jinsi mambo yalivyofanyika La Paz. Watu wa huko hawakutangaza kumpinga mfalme. Mfalme alikuwa mbali, tena ametekwa na Wafaransa. Walisema wanampenda mfalme na kuchukia wanaotawala vibaya kwa jina lake. Siku ya kumi na sita ya mwezi wa saba kulikuwa na maandamano ya Bikira Maria. Maandamano yalipokwisha, watu hawakurudi nyumbani. Waliingia kwenye kambi ya askari, wakapiga kengele, wakajaa kwenye uwanja, na gavana akajiuzulu kwa maandishi kabla ya siku kwisha.

Mwalimu Mwau alisema hali ya Kyanzou ilikuwa ileile. Hakuna mtu aliyekuwa na neno na serikali ya kaunti. Kaunti waliipenda. Waliyemkataa ni Mulinge.

Tarehe kumi na sita ilikuwa Jumapili, na kanisani ilikuwa siku ya sadaka ya mavuno.

*

Katika ibada, wageni waliombwa wasimame wajitambulishe. Wakili na Kapteni walisimama na kufanya ishara ya msalaba. Karani aliinua kiondo. Mzee wa kanisa akaandika kwenye kitabu kwamba kulikuwa na wageni watatu kutoka ng'ambo, wokovu wao haujulikani. Tomasa alibaki nje na sanduku.

Baada ya sadaka, waumini walitoka wakiimba, wamebeba maboga, mikungu ya ndizi na kuku waliofungwa miguu, wazunguke kanisa mara moja kama ilivyo desturi. Walipofika nyuma ya kanisa, Kapteni alikuwa amesimama chini ya rimu ya lori iliyotundikwa kama kengele. Aliipiga kwa nondo. Aliipiga kwa muda mrefu, na sauti yake siku hiyo haikuwa ya rimu. Ilikuwa ya kengele kubwa ya shaba, na watu wa mji jirani wa Nunguni walioisikia walifikiri kumejengwa kanisa jipya. Msafara ukaacha njia ya kanisa, ukapanda njia ya tangi. Hakuna aliyetoa amri. Wengine bado walikuwa wanaimba pambio la mavuno, wengine walikuwa wameanza kusema kaunti oyee, Mulinge aende.

Mulinge mwenyewe alikuwa katikati ya msafara na boga mikononi. Alitembea na wenzake hadi tangini kabla ya kuelewa. Kisha akapewa karatasi ya kujiuzulu ambayo Karani alikuwa ameiandika kwa mwandiko mzuri sana, akaambiwa aweke sahihi. Aliomba kwanza mtu amshikie boga.

Walimweka kwenye darasa la chekechea kwa saa mbili, kwa usalama wake. Kalunde alimpelekea chai, akamkuta ameketi kwenye kiti cha mtoto, magoti karibu na kidevu.

"Mama Kasyoki," Mulinge alisema. "Hata wewe?"

Kalunde alimwambia kwamba chai haikuwa na sukari ya kutosha, kwa kuwa watu walikuwa wengi.

Ufunguo haukupatikana. Mulinge alisema aliuacha nyumbani, na nyumbani mkewe alisema ameondoka nao. Kapteni akasema kufuli ivunjwe, akanyoosha kidole bila kutazama ni nani. Kidole kilimwelekea Tomasa. Aliokota jiwe, akiwa na sanduku bado mgongoni, akaipiga kufuli mara nne, ikaanguka kwenye matope.

Maji yalitiririka mchana wote. Wanawake walijaza mitungi, ndoo, mabeseni, sufuria na madebe ya mahindi. Kalunde alijaza mitungi kumi na moja. Alipoona hakuna kitu kingine cha kujaza, alibeba beseni zima hadi bafu ya mabati nyuma ya nyumba, akaoga akiwa amesimama, akijimwagia bila kupima. Hakukumbuka kuwahi kuoga hivyo tangu ahamie Kyanzou kama bibi arusi. Kisha akaketi kwenye jua, ambalo lilikuwa limetoka kidogo, nywele zikidondosha maji kwenye leso. Tomasa aliketi kando yake. Miguu yao ilikuwa imefanana, visigino vyenye mipasuko.

*

Jumamosi iliyofuata waasi walikutana kuunda kamati mpya. Wakili alitaka iitwe Baraza la Ulinzi, kama la kwao, na watu hawakuwa na pingamizi. Viti kumi na moja vilipangwa uani. Kichwa cha Karani kiliwekwa mezani juu ya kitambaa, na mwili wake ukaketi nyuma yake na kalamu.

Karani alisoma daftari la wanachama. Ili uchaguzi uwe halali walihitajika wanachama thelathini, na waliokuwapo walikuwa ishirini na tisa, kwa sababu upande wa Mulinge ulikuwa umekataa kuja. Mwalimu Mwau alishika kidevu. Wakati huo Kalunde alikuwa akimimina chai kwenye kikombe cha kwanza.

Kichwa cha Karani kikasema kwamba mwanachama namba kumi na nne alikuwa karibu.

Musembi alitokea upande wa mikahawa, ile miti ya kahawa ya shambani, ambako alizikwa. Alikuwa amevaa ile suti ya kahawia aliyozikwa nayo, na alikuwa anapangusa udongo kwenye magoti. Wanaume walisogea kwenye benchi wakampisha. Alisalimia mmoja mmoja kwa mkono, akauliza habari za mvua, akaketi. Kalunde akamletea chai kwa mazoea, akakumbuka, akairudisha kwenye birika.

"Ng'ombe iko?" Musembi alimuuliza.

"Ilikufa. Hii ni ingine."

Musembi alitikisa kichwa, akageukia mkutano. Sasa walikuwa thelathini.

Kabla mikono haijainuliwa, Kalunde alisimama na birika mkononi. Hakuwa amepanga kusimama. Alikuwa anatoka upande mmoja wa benchi kwenda mwingine, akajikuta amesimama katikati.

"Naomba niseme kitu," alisema. "Tangi iko kwa hii shamba. Mimi ndio nachota, mimi ndio nasimama laini, mimi ndio nawapikia chai. Huyu hajakunywa maji miaka tisa. Niandikwe pahali yake."

Watu walisikiliza kwa heshima. Mwalimu Mwau alivua miwani.

"Mwaitu," alisema, kwa kuwa ndivyo Wakamba humwita mama, "hakuna mtu hapa anakataa. Hata mimi nakubali kabisa. Lakini tuko katikati ya mapinduzi. Tukianza kupasua katiba leo, Mulinge atapata nafasi ya kuingia. Hiyo tutaifikia."

Karani aliulizwa maoni ya sheria. Kichwa kilifikiri, kikasema kwamba mtu aliyehudhuria hawezi kuhesabiwa kuwa hayupo, na nafasi isiyo wazi haiwezi kujazwa. Wakili akaongeza, kwa sauti nzuri iliyofika hadi kwenye mikahawa, kwamba hata La Paz suala kama hilo lilijitokeza. Wenyeji wa asili wa milima ile walipewa viti vitatu barazani. Yeye mwenyewe ndiye aliyeandika aya hiyo. Akaisoma bila karatasi, na ilikuwa aya tamu.

Tomasa alikuwa amesimama mlangoni pa jikoni.

"Mimi siku hiyo nilikuwa nje," alisema. "Nilikuwa nimeshika nyumbu."

Wakili alingoja kuona kama ataendelea. Tomasa akarudi kwenye moto.

Kalunde akamgeukia mumewe. Walikuwa wameishi pamoja miaka thelathini na miwili. Katika miaka hiyo Musembi hakuwahi kumpiga, na mwaka wa njaa kubwa aliwahi kutembea hadi Emali akarudi na debe la mahindi begani. Alimwambia, "Baba Kasyoki, sema wewe."

Musembi alitazama mikono yake. Kucha zilikuwa na udongo.

"Mimi bado ni mwanachama," alisema. "Hiyo tutaongea nyumbani."

Mikono ikainuliwa, thelathini yote, na Mwalimu Mwau akawa mwenyekiti. Mchungaji akafunga kwa maombi. Baada ya amina Musembi alisalimia watu tena mmoja mmoja, akarudi kwenye mikahawa kwa njia aliyokuja nayo. Kwa hivyo hawakuongea nyumbani.

Kalunde aligundua kwamba bado ameshika birika na mkono unauma. Aliliweka chini. Mtu akauliza kama chai imebaki, akaliinua tena.

*

Mwalimu Mwau alifanya kazi kwa bidii. Kwa kuwa ilisemekana watu wa Mulinge walikuwa na nia mbaya na tangi, alinunua kufuli mpya Nunguni, kubwa kuliko ya kwanza. Maji yalifunguliwa Jumanne na Jumamosi. Mwezi wa tisa, ukame ulipozidi, yakawa Jumamosi peke yake. Paipu ya Mulinge ilikatwa mbele ya watu wote, na kipande kilichokatwa kikaunganishwa kuelekea mahali ofisi ya Baraza ilipokuwa ikijengwa, kwa ajili ya mafundi. Ofisi ilijengwa kwenye ploti ya mwenyekiti kwa sababu yeye alijitolea. Ilipokwisha, paipu ikabaki pale kumwagilia miche ya mradi. Miche mingi ilikuwa ya nyanya.

Watu walinung'unika kidogo, lakini walikumbushana kwamba walipigania jambo hili wenyewe.

Wageni waliendelea kukaa. Asubuhi waliota moto na kuandika matangazo. Mchana walitembelewa na wazee waliotaka kusikia habari za Wahispania. Kichwa cha Karani kilikohoa kwa sababu ya moshi, na Kalunde alikihamishia dirishani. Krismasi Kasyoki alikuja, akalala kwenye kochi bila kulalamika, akaomba tu mmoja wao asivae slipa zake. Tomasa alikuwa anakata majani ya ng'ombe, anakoka moto, na kila Wakili alipotoka anabeba sanduku na kumfuata. Kalunde aliwahi kumuuliza Wakili kwa nini sanduku lisikae nyumbani. Alisema mapinduzi hayaachi nyaraka zake nyuma.

Tarehe ishirini na tisa mwezi wa kwanza mabwana wale waliamka shingo zikiwauma. Ilikuwa ndiyo tarehe yao. Walinyoa ndevu, wakapiga vifungo vyao brashi, wakateremka hadi njia panda kulingoja jeshi la mfalme. Walisimama pale tangu saa moja asubuhi. Watu waliopita kwenda sokoni waliwasalimu.

Saa tano likaja gari la kaunti. Ndani yake kulikuwa na dereva na afisa mmoja wa kike, Bi. Filsan, aliyehamishiwa upande huu kutoka kaskazini mwaka huo. Alishusha kioo akawauliza anapoweza kumpata mwenyekiti wa maji. Kapteni alimuuliza kama amekuja kuwanyonga. Bi. Filsan alisoma karatasi yake, akasema hapana, amekuja kuleta cheti.

Sherehe ilikuwa fupi. Kaunti ilitambua rasmi uongozi mpya wa Kyanzou na kuupongeza kwa mageuzi ya amani. Mwalimu Mwau alipokea cheti kwa mikono miwili. Ikapigwa picha. Mbele wanakamati wameketi, nyuma wanachama wamesimama, na pembeni wageni watatu, ambao kwenye picha walitokea kama vipande vya ukungu. Musembi, aliyekuwa ametoka tena kwa ajili ya sherehe, alitokea vizuri. Kalunde hayupo kwenye picha, kwa kuwa Bi. Filsan alimwomba amshikie mkoba.

Jioni hiyo Wakili alionekana mzee. Alisema kwao uasi ulipewa kamba, hapa unapewa cheti, na yeye hakuwa na la kuwafundisha watu wa namna hii. Kulikuwa na habari kwamba huko Kitui, kando ya mto mmoja, watu walikuwa wanakabana na wachota mchanga. Wangejaribu huko.

Waliondoka asubuhi. Kwa kuwa safari ilikuwa ndefu na wao walikuwa na haraka, Mwalimu Mwau aliwaitia bodaboda ya kijana mmoja aitwaye Ndululu hadi stendi ya Nunguni. Ndululu alilitazama sanduku, akalitoa mgongoni kwa Tomasa, akalifunga kwa mpira nyuma ya pikipiki. Ilimchukua dakika mbili. Kwa zaidi ya miaka mia mbili hakuna aliyekuwa amefikiria jambo hilo. Wakili akapanda na sanduku, na wale wawili wakafuata kwa miguu, Karani na kiondo begani. Kalunde alikuwa amemwambia aende nacho. Hakuna aliyemwita Tomasa, na hakuna aliyemfukuza.

Alisimama uani, shingo imeinama mbele, miguu imepanuka kidogo, kama mtu aliye na mzigo. Pikipiki ilipoacha kusikika bado alikuwa amesimama hivyo.

"Unaenda?" Kalunde alimuuliza.

"Sijaambiwa."

"Basi kaa."

Ilimchukua karibu wiki mbili shingo kunyooka. Kalunde alikuwa anamkanda kwa mafuta ya ng'ombe, mchana, wakiwa wameketi kwenye mkeka, na Tomasa alikuwa anamweleza habari za mji ule. Hakumweleza habari za baraza. Alimweleza bei ya viazi vikavu, na mahali barabara ilipokuwa na utelezi, na mwanamke mmoja aliyeuza supu karibu na daraja ambaye alikuwa akimpa mfupa bure. Mwanamke huyo alikufa vilevile mwaka ule. Yeye Tomasa alikuwa akimtafuta tangu wakati huo kila mji waliopita, lakini mabwana hawakuwa watu wa kukaa sokoni.

Mwezi wa tatu mjumbe mmoja wa Baraza alihamia Athi River, na nafasi yake ikajazwa. Musembi alichaguliwa bila kupingwa. Ilisemwa kwamba yeye ndiye mtu pekee Kyanzou asiyetumia maji, kwa hivyo hawezi kuyaiba. Siku hizi huja kila Jumamosi kabla ya saa mbili asubuhi na kuketi kwenye kiti cha plastiki kando ya bomba, suti yake imepigwa brashi, kusimamia foleni. Kalunde na yeye husalimiana. Suala la Kalunde kuandikwa lipo kwenye ajenda, chini, pale panapoandikwa mengineyo.

Jumamosi iliyopita foleni ilikuwa ndefu, na Kalunde na Tomasa walikuwa wamefika kabla jua halijachomoza. Tomasa hana jina kwenye daftari wala hana mume wa kuwa nalo, kwa hivyo hubeba mtungi wa pili wa Kalunde. Karani mpya wa Baraza alikuwa anaita wanachama kwa zamu, na wanawake wanasogea mmoja mmoja.

"Musembi," akaita.

Musembi alikuwa ameketi hatua tatu kutoka hapo, mikono juu ya magoti. Hakujibu, maana hakuhitaji maji.

"Niko," Kalunde akasema, akasukuma mtungi wake chini ya bomba.